Mfuko Utokao Jasho

Msumari ulikuwa mtupu.

Ngui alisimama mbele ya mlango wake mtaani Jericho, mikono ingali na grisi, akautazama ule msumari kama anayemtazama mwizi aliyekamatwa. Aliugongomelea mwenyewe mwaka walipopewa nyumba, juu ya dirisha, chini ya ukingo wa paa, mahali upepo unapopita mchana kutwa. Kazi ya msumari ilikuwa moja tu, kushika mfuko wake wa maji. Asubuhi ya Ijumaa hiyo, alipokwenda Industrial Area kusimamia lori lake likitiwa breki mpya, aliuacha mfuko ukining'inia hapo, umejaa. Sasa ilikuwa saa kumi alasiri, na ardhi chini ya msumari ilikuwa imeshaanza kukauka.

"Mama Koki," aliita. "Mfuko wangu uko wapi?"

Mkewe, Nzembi, alikuwa ndani akitoa mawe kwenye maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Umekwenda kutengenezwa. Ulikuwa unavuja."

Neno hilo lilimpanda Ngui kichwani kabla hajavua kofia.

Hebu tuelewane, maana kuna watu waliozaliwa juzi ambao hawajui kitu ila plastiki. Mfuko ule ulishonwa kwa turubai la kitani, ukubwa wake kama mto wa kulalia, una mdomo kwenye pembe moja na kamba ya kuutundikia. Unautia maji, unaufunga mbele ya lori, unaanza safari. Maji yanapenya kitambaa kidogo kidogo mpaka nje kunalowa, upepo unapita juu ya ule unyevu, na joto linakwenda zake na upepo. Kadiri jua linavyochoma ndivyo maji ya ndani yanavyopoa. Ng'ambo ya Garissa, saa nane mchana, mahali ambapo hata mjusi hutafuta kivuli cha jiwe, Ngui alikunywa maji ya kuuma meno. Huko si kuvuja, ni kutoka jasho. Mfuko usiotoka jasho ni gunia tu. Na hakuna mtu pale Jericho aliyelijua hilo kuliko Nzembi, aliyefagia matope chini ya mifuko ya mumewe tangu alipoolewa.

Basi kwa nini aseme unavuja? Hilo ndilo swali ambalo Ngui angejiuliza. Lakini hasira ilikuwa imeshakaa kwenye kiti, na hasira ikikaa haimpishi mtu.

"Nani ameuchukua?"

"Wamalwa. Ataurudisha kesho."

Wamalwa ndiye kijana aliyekuwa akimchumbia binti yao, Koki. Alikuwa mtu wa Bungoma, fundi wa akala, vile viatu vya matairi, pale Kariokor, mwenye mikono iliyojaa makovu ya kisu na gundi kwenye kucha. Ngui hakuwa na neno naye mpaka siku hiyo. Fundi wa akala, anayekata matairi ya magari, amepewa mfuko wa kitani. Ngui aliketi nje kwenye kigoda mpaka chakula kikapoa, na alipoitwa mara ya tatu alisema hana njaa.

Mifuko ile ilikuwa haitengenezwi tena. Zamani ilishonwa kwenye karakana moja hapo hapo Industrial Area, pamoja na mahema na mikoba ya safari, na dereva alinunua mfuko kama anavyonunua kiberiti. Mwaka wa sabini na nne wakafunga. Wanawake waliokuwa wakishona wakapewa barua, cherehani zikatolewa nje, zikaingizwa mashine za kutengeneza mitungi ya plastiki. Ngui alikwenda kuulizia mfuko mwingine. Karani wa dirishani akamwambia mzee, hizo ni mambo za mkoloni, chukua mtungi. Alijaribu mtungi safari moja. Kufika saa saba maji yalikuwa moto wa kukorogea uji, na yalinuka kama kiatu kipya. Tangu siku hiyo Ngui alikuwa na kinyongo na plastiki yote ulimwenguni, na mabeseni ya mkewe aliyapita bila kuyatazama.

Na mwaka huo huo wa sabini na nne ndipo walipofiwa na mtoto wao Mbithi.

Mbithi alikuwa na miaka minne. Surua ilimshika Jumapili, Ijumaa akafa, na baba yake wakati huo alikuwa amekwama ng'ambo ya Wajir na ekseli iliyovunjika, amelala chini ya lori na anakunywa maji baridi. Mtoto alizikwa Kangundo. Ngui alitokea siku ya sita baada ya kifo, mfuko begani, unadondosha matone kwenye ua uliojaa waombolezaji. Nzembi hakulia wala hakumgombeza. Alimsogezea kiti.

Jumapili iliyofuata Ngui alisimama kanisani bila kuombwa na mtu. Aliunyanyua mfuko watu wote wauone. "Huu ndio wa mwisho," alisema. "Hautengenezwi tena. Siku utakayokufa, nami naachana na barabara ya kaskazini, nitafute kazi ya hapa hapa mjini. Mungu ni shahidi yangu." Watu wakaitikia amina. Kila mtu pale alijua kwamba turubai linalopigwa na jua na vumbi halimalizi miaka mitatu. Nzembi naye alijua, akahesabu, akangoja.

Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na moja, na mfuko ulikuwa hai. Ulikuwa hai kwa sababu Ngui alikataa ufe. Ukitoboka, aliupeleka nyumba ya tatu kutoka kwake, kwa Khavere, ambaye mtaani walimwita Mama Andati, mama wa Kimaragoli aliyeshona mifuko hiyo hiyo kwenye ile karakana kwa miaka kumi na moja kabla ya kupewa barua. Khavere alikuwa bado na sindano zake na robota la uzi wa kitani alilotoka nalo siku ya mwisho chini ya kanga, na hakuona haya kulisema. Akautia kiraka. Mwaka uliofuata kiraka kingine. Ngui hakuwahi kukawia kuupeleka. Koki alipougua homa ya matumbo, aliyempeleka hospitali ni mama yake.

Jumamosi saa sita Wamalwa akaja. Alikuwa amevaa shati jeupe, na mfuko umefungwa kwenye gazeti kama nyama ya sikukuu. Alisimama nje, mbali na mlango, kwa kuwa mkwe mtarajiwa hamsogelei mama wa msichana. Kwao Bungoma ni hivyo na kwa Wakamba ni hivyo. Koki, aliyekuwa karani mjini na siku hiyo hakwenda kazini mchana, alitoka akasimama karibu naye.

"Habari ya mchana, mzee," Wamalwa alisema. "Nimeleta mzigo. Sasa hauwezi kuvuja hata tone."

Ngui hakujibu salamu. Alifungua gazeti, na harufu ya gundi ya viatu ikamfikia kabla hajauona mfuko. Akaingiza vidole mdomoni mwa mfuko na kupapasa. Ndani kulikuwa na raba. Tyubu ya gari, imekatwa kwa ustadi, imebandikwa kote kote, bila kunyanzi hata moja. Ilikuwa kazi safi kabisa, na usafi huo ndio uliomtia Ngui wazimu.

Hata hivyo alitaka kuhakikisha. Alichota maji kwenye pipa, akaujaza, akautundika kwenye msumari, akaketi. Wote wakabaki wamesimama. Robo saa ikapita, ikapita nusu. Ngui akainuka, akaweka kiganja kwenye turubai. Lilikuwa kavu na lenye joto, kama ukuta wa nyumba.

"Nani alikuambia uuguse huu mfuko?"

Wamalwa aliinamisha macho.

"Nakuuliza wewe. Wewe ni fundi, unashika vitu kutwa nzima. Mkono wako haukukuambia kwamba hiki kitambaa kimefumwa ili kipumue? Haukukuambia?"

"Uliniambia, mzee," Wamalwa alisema polepole. "Niliona kitu kama hicho."

"Ukaona, halafu ukatia raba."

"Sikuweza kuuliza."

"Mdomo ulikuwa umeushona?"

Jasho lilimtoka kijana kuliko mfuko wowote. Hapo Ngui alipasuka. Alimwita mharibifu. Akasema mtu asiyejua maji hawezi kujua mke. Alimwambia achukue mbuzi zake, arudi nazo Bungoma, akaoe huko huko kwa watu wa matope na mvua ya kila siku, kwa sababu hapa hakuna ntheo itakayopokewa. Majirani walianza kutokea milangoni, mmoja na sufuria yake mkononi.

Sasa, ntheo kwa Wakamba si jambo la kutamkwa ovyo. Ni mbuzi watatu ambao mwanamume analeta kwa baba wa msichana, na baba anawapokea kwa mkono wake. Kabla ya hapo, hata mkikaa miaka ishirini na watoto kumi, hakuna ndoa, mnachezeana tu. Mbuzi wa Wamalwa walikuwa wamenunuliwa tangu Machi. Mara mbili waliletwa mpaka lango la Jericho na kurudishwa kwa sababu mwenye kupokea alikuwa Wajir. Walikuwa wakifugwa kwa rafiki yake Kariobangi, na mmoja alikuwa ameshazaa. Siku mpya ilikuwa Jumamosi ijayo. Na Jumatano iliyotangulia Ngui alikuwa amemwambia mkewe, akiwa anavua viatu, kwamba lori linaondoka Jumatatu kwenda kambi ya wachimba visima huko kaskazini, wiki sita, basi watu wa Bungoma wangoje Desemba.

"Baba," Koki alisema kwa hasira kama ya baba yake, maana alikuwa mtoto wake huyo. "Mimi nina miaka ishirini na sita. Mbuzi wangu wanazaa wakiningoja. Na wewe unanikosesha mume kwa ajili ya gunia."

"Usiuite gunia."

"Ni gunia. Ulilibeba kuliko ulivyotubeba sisi."

Wamalwa alikuwa ameanza kuondoka. Hapo ndipo Nzembi alipotokea mlangoni. Kijana alimwona, akageuka upesi kuelekea ukutani kama heshima inavyotaka, na akabaki hivyo, mgongo kwa watu, shati limemganda.

"Niulize mimi," Nzembi alisema. "Mwache mtoto wa watu. Mimi nilimtuma. Nilimpa mfuko kupitia Koki, Koki akamwambia mama amesema utiwe raba ndani kila mahali. Ulitaka aulize nini? Ulitaka abishane na mama mkwe?"

Ngui alimtazama kana kwamba amesema Kiarabu. "Lakini wewe unajua. Unajua mfuko huu unafanyaje kazi."

"Najua kuliko wewe. Wewe unajua maji yake, mimi najua matone yake. Jioni nikisikia matone hapo dirishani, najua kesho hupo. Niliyasikia usiku wa kuamkia ile safari ya Wajir, Mbithi akiwa mgongoni mwangu mzima wa afya. Ulisema mfuko utakufa, Baba Koki. Ulisema mbele ya kanisa. Miaka saba naungoja ufe, na wewe unaushona. Basi nimeuua."

Ngui alijiona amesimama mbele ya mtaa mzima, dereva aliyeshika usukani miaka thelathini. Mtu wa namna hiyo, akikosa la kusema, anatafuta la kufanya. Akaurukia mfuko, akauteremsha, akamwaga maji yote miguuni pake.

"Haujafa," alisema. "Raba ni raba. Itatoka."

Khavere alikuwa amefika, sindano zimechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa. Aliuchukua mfuko, akageuza mdomo wake nje, akabinya, akanusa, akavuta pembe ya raba kwa kucha na kuiachia.

"Amebandika vizuri," alisema, na hakusema kwa kumsifu. "Lakini gundi bado changa. Loweka kwenye maji ya moto, badilisha asubuhi na jioni. Siku nne hivi, Jumatano, italegea, tutaivuta pamoja pole pole. Usikwangue. Kitani hiki kimezeeka, kimeshikwa na viraka vyangu tu."

"Lori linaondoka Jumatatu."

"Basi liondoke."

"Mama Andati, mimi nimekuuliza raba inatokaje, sikukuuliza habari za lori."

"Hasira hasara, Baba Koki."

"Hasara nimeshaipata. Niachie hasira yangu."

Akaingia ndani, akatoka na kisu cha jikoni na kigoda. Aliketi chini ya msumari, mfuko mapajani, akaanza. Mwanzoni alikwenda kwa uangalifu, akikwangua kwenye mdomo, na kipande cha raba chenye upana wa kidole kikatoka safi. Akakiinua ili watu wakione. Nzembi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani, wala hakusema basi wala endelea. Ule ukimya wake ndio uliomchoma. Laiti angepiga kelele. Ngui alishika raba kwa mkono mmoja na turubai kwa mkono mwingine, kisu akakiweka menoni, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kufungua nati zilizoshika kutu.

Raba ikatoka, na kitambaa kikatoka nayo. Mpasuko ulianzia kwenye kiraka cha kwanza cha Khavere, ukapita cha pili, ukashuka mpaka kwenye mshono wa chini, na mfuko ukafunguka mapajani mwake kama samaki aliyepasuliwa. Ngui aliingiza mkono mahali pale na vidole vyake vikatokea upande wa pili.

Khavere aliinama, akashika ncha mbili za turubai na kujaribu kuzikutanisha. Nyuzi zikabaki vidoleni mwake zikiwa vumbi. Alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye leso.

"Hapa sina dawa," alisema. "Niliwaambia hata wale wa karakana siku wananipa barua. Niliwaambia siku moja mtu atakuja kulia kwa ajili ya hivi vitu, na hapatakuwa na mtu wa kuvishona. Sikujua atakuwa ameupasua mwenyewe." Akaenda zake nyumbani kwake, na majirani nao wakapungua mmoja mmoja, kila mtu akijifanya amekumbuka chungu motoni.

Ngui alitafuta wa kumlaumu. Alimtazama Wamalwa, bado ameelekea ukutani, alimtazama mkewe. Wote walikuwa na hatia, hilo alilijua, na aliendelea kulijua kwa uchungu. Lakini mfuko ulikuwa umeingia mikononi mwake ukiwa mgonjwa wa siku nne tu. Kila mtu wa mstari ule wa nyumba alikuwa ameona ni nani aliyeumaliza. Aliurudisha mfuko kwenye gazeti, akaufunga, akaingia ndani. Jumapili kanisani alikwenda. Mchungaji aliposalimia watu mlangoni, Ngui alipitia mlango wa pembeni.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi lori likaja mpaka kando ya barabara, likapiga honi. Kiilu, utingo wake wa siku nyingi, alishuka akiwa na mtungi wa plastiki wa njano mkononi, mpya, kamba ya karatasi bado shingoni.

"Nimesikia habari za mfuko, mzee," Kiilu alisema. "Pole. Lakini ofisini wametupa huu. Twende tu, tutazoea."

Ngui aliutazama mtungi. Angeweza kwenda. Hakuna askari wa kumkamata mtu aliyesema neno kanisani miaka saba iliyopita, na wengi wa walioitikia amina walishahama mtaa. Njia ilikuwa wazi mpaka Garissa. Akafikiria maji ya moto, harufu ya kiatu kipya, wiki sita. Akafikiria tena, akaona kwamba maji hayakuwa neno kabisa, maji angeyavumilia. Alichokuwa akilinda miaka yote saba akimkimbilia Khavere na viraka ni hii honi, hapa mlangoni, asubuhi, ikimwita. Alijichukia kwa kulijua hilo, akamchukia na Kiilu kwa kuwepo.

"Mwambie meneja atafute mtu," alisema. "Mimi nitakuja saa nne kumwona. Kama kuna lori la mjini, nitaendesha. Kama hakuna, nitajua."

"Mzee, kwa sababu ya mfuko?"

"Nenda, Kiilu, jua lisikupate Thika."

Lori likaondoka. Ngui alirudi nyumbani polepole akiwa na mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi. Nzembi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kingine kiko kando yake. Kwenye beseni la plastiki kulikuwa na njegere za kumenya. Ngui alisimama mbele yake.

"Nina hasira na wewe," alisema. "Usidhani zimekwisha. Umeniharibia kitu ambacho hakipatikani tena duniani, na umemtumia mtoto wa watu. Nina hasira, Nzembi. Sijui zitaisha lini."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake. Nzembi alimenya njegere moja, akaitupa kwenye beseni, na alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu na makavu.

"Mimi nimekasirika peke yangu tangu Kangundo," alisema, akisukuma kile kigoda kingine kwa mguu. "Keti. Sasa tukasirike wawili."

Ngui aliketi, akavuta beseni katikati yao.